Bi Maktaba wa Kisima Baridi

Kuku wa Bi Maktaba hawakuwa wakipiga kelele. Najua hamtaniamini, lakini waulizeni watu wa Mikindani waliokaa mtaa wetu. Alikuwa akitoka mlangoni, anaweka kidole mdomoni, anasema "Shii!" kwa sauti ile ile aliyowanyamazishia wanafunzi miaka yote aliyotunza maktaba ya shule, na jogoo anashuka ukutani kimya kimya, anakwenda zake nyuma ya banda. Sisi wa nyumba ya pili tulikwishazoea. Wageni ndio walioshangaa.

Jina lake nalijua, na ukoo wake naujua nusunusu, lakini sitaviandika hapa. Hakupenda kuandikwa. Alipenda yeye ndiye awaandike wenzake: nani kachukua nini, kakichukua lini, na karudisha au bado. Alipostaafu walimfanyia sherehe ndogo, wakampa saa ya ukutani na kitenge, na kesho yake watu wakaendelea kumwita Bi Maktaba kana kwamba jengo lenyewe limehamia nyumbani kwake. Mama yangu peke yake alimwita Dada, kwa sababu wote wawili walitoka kijiji kimoja ambacho hakipo tena.

Kijiji hicho kilikuwa karibu na mdomo wa Ruvuma, pale mto unapochoka na kujigawa kwenye mikoko kabla ya kuingia baharini. Watu wake walihamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, wakapelekwa juu, barabarani, na palipoachwa pakaitwa Mahameni, kama panavyoitwa popote palipohamwa. Mama alikuwa na miaka mitatu. Mamake, yaani bibi yangu, alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla, akazikwa kule. Mama hakumbuki sura yake wala sauti yake. Jambo alilolitaka kuliko yote, na alilitaja hata wakati anapepeta mchele, ni kusimama mbele ya kaburi la mamake, ajue kwa hakika kwamba ndilo, amsomee dua yake akae kimya. Na mtu wa pekee aliyebaki karibu nasi ambaye siku ya kuhama alikuwa na akili ya kukumbuka, maana alikuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa Bi Maktaba.

"Dada, nionyeshe alipolala mama," mama alimwambia kila baada ya miezi kadhaa.

"Hapana kitu kule. Mikoko na ngedere," Bi Maktaba alijibu. Kisha akaanza kusimulia habari za Kisima Baridi.

Kisima Baridi ni kijiji kidogo cha Uingereza, huko mashambani kabisa. Jina lake la Kizungu aliliona gumu kwa ndimi zetu, akalitafsiri. Alikijua kutokana na kitabu chembamba chenye jalada la kijani, kilichokuja shuleni ndani ya boksi la msaada pamoja na vitabu vya kutengeneza matrekta na kimoja cha kufundishia watoto kuteleza kwenye barafu. Aliyekiandika alikuwa mzee mmoja wa kijiji hicho, aliyeona asipoandika yeye hakuna atakayejishughulisha. Kaandika nani alikaa nyumba ipi, kinu cha maji kilisimama mwaka gani, mafuriko yalifika ngazi ya ngapi ya kanisa. Hakuna mwanafunzi aliyewahi kukiazima. Bi Maktaba alikisoma kwa kamusi, ukurasa mmoja kwa siku mbili tatu, mpaka kikaisha, akakianza tena.

Tulimsikiliza mchana, baada ya chakula, wakati jua limewatia watu wote usingizini na mji mzima wa Mikindani umelala na kuta zake za mawe. Alikaa kwenye mkeka barazani akichambua mchicha, na maneno yakamtoka taratibu. Hakusimulia kama mtu anayesoma. Alisimulia kama mtu aliyetoka huko jana.

"Yule mjane wa kinu," anasema, "walitaka kupitisha barabara uani kwake. Akatoa kiti akakaa katikati ya njia siku nne. Anafuma soksi tu. Barabara ikapinda. Mpaka leo ukienda utaona imepinda."

Au: "Mhunzi wao alikuwa hodari lakini mkaidi. Farasi wa mchungaji hakumpigilia viatu, kisa walinuniana kwa ajili ya kengele."

Mimi nilikuwa nikisinzia kichwa kikiwa kwenye paja la mama, na farasi, kengele na maji baridi ya kile kisima vikaingia kwenye ndoto zangu vikachanganyika na harufu ya salfa inayopuliziwa mikorosho. Ndiyo maana nikakosea. Kwa miaka mingi niliamini Kisima Baridi kipo hapa hapa, ukishapita Mtawanya, labda mbele kidogo. Darasa la nne tulipoambiwa tutaje vijiji vitano vya jirani, niliandika vinne ninavyovijua na cha tano nikaandika Kisima Baridi. Mwalimu wetu alikuwa mgeni, katoka Kilimanjaro mwezi uliopita. Akanipa vema. Nilirudi nyumbani nikamwonyesha Bi Maktaba daftari, naye alicheka hadi akashika mbavu, lakini hakunisahihisha. Alilipiga daftari langu muhuri wake wa tarehe, akanirudishia.

Basi kijiji kile kikawa chetu. Mtaani kwetu mtu akigoma jambo aliambiwa ameweka kiti njiani. Kijana mmoja fundi baiskeli aliitwa Mhunzi hadi akaoa. Mara moja alipita mtalii, mama wa Kiingereza aliyekuja kupiga picha nyumba za kale, na Bi Maktaba akamkaribisha maji ya dafu, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha taratibu kama habari za Kisima Baridi anazo, akakitaja kwa jina la kwao. Yule mama akasema hakipati. Bi Maktaba alimtajia mkoa, akamtajia mto, akamtajia mjane. Hakijui.

"Maskini," Bi Maktaba alituambia alipoondoka, na alisikitika kwelikweli. "Ntu kazaliwa pale pale, hajui kwao."

Mama alinyanyua uso kutoka kwenye nazi aliyokuwa akikuna. "Dada," akasema, "na sisi je?"

Bi Maktaba akaenda kuwatazama kuku.

Nikisema alikuwa mtu wa kurudisha vitu, sijasema hata nusu. Kanuni yake ilikuwa moja: rudisha ulipotoa. Ukihamisha kiti chake kufuata kivuli, ukiondoka ukirudishe juani. Kisu kina msumari wake. Aliwahi kuja kwetu jua la saa saba, jasho linamtoka, kuleta kipini cha nywele alichokiokota mlangoni kwake, akasema hakiwezi kuwa cha mwingine.

Kwa ajili hiyo hakukuwa na shughuli Mikindani iliyofanyika bila yeye. Mnajua mambo ya shughuli. Iwe arusi iwe hitima, masufuria yanaazimwa nyumba ishirini, sinia zinatoka kila upande, na wali ukishaliwa, ndipo ugomvi unapoanza: hili langu, hapana langu lina kovu huku. Wengine hufunga uzi kwenye mkono wa sufuria, wengine hupaka rangi ya kucha, na bado watu wananuniana mwaka mzima. Bi Maktaba alikuwa akiketishwa uani juu ya kibao, vyombo vinamwagwa mbele yake vimeoshwa, naye anavigawa bila kuuliza. "Hii ya mama fulani. Hii ya pale msikitini. Hii wala si ya hapa, imetoka Ufukoni, aliyekuja nayo ni yule mwenye meno ya mbele." Hakukosea hata mara moja. Wanawake walipenda kumjaribu, wakificha uzi, wakifuta rangi. Anakigeuza chombo, anakitazama tumbo, anakitaja.

Nilimuuliza anajuaje. Akasema, "Chombo kina sura, mwanangu. Watu hawatazami."

Sasa niseme yaliyonichanganya, maana mtu huyu hakuwa mstari ulionyooka.

La kwanza, kile kitabu cha kijani hakukirudisha. Yeye, aliyempeleka mwanafunzi kwa mwalimu mkuu kwa sababu ya atlasi iliyochelewa wiki, alistaafu akatoka nacho ndani ya kikapu chini ya kitenge alichozawadiwa. Nilikiona kwake na nikamtania. Hakutaniwa. "Hicho bado nakitumia," akasema, akakifunika.

La pili, aliijua kwa moyo sehemu ya mwisho ya kitabu hicho, ambayo mimi niliiona ya kuchosha kupita zote. Ilikuwa ramani ya makaburi ya kanisa la Kisima Baridi. Kila kaburi limechorwa kimstatili, lina namba, na ukurasa unaofuata kuna orodha: namba moja fulani, namba mbili fulani na mkewe. Angeweza kukwambia wa kumi na saba ni nani na alikufa kwa ugonjwa gani. Na mtu huyo huyo, mwezi wa Shaabani, wanawake wa mtaa wanapokwenda kuzuru makaburi ya wazee wao kabla ya Ramadhani, yeye haendi. Kila mwaka anaumwa kichwa. Anafunga mlango wa mbele na wa uani, na kwa ndani unasikia maji yakimiminwa, na chombo kikigonga chombo.

La tatu ni yale mabakuli.

Kwenye kabati la chumbani kwake, rafu ya chini, kulikuwa na mlima wa mabakuli ya zamani, ya bati mengi yake, machache ya kauri. Hayakuwa yakitumika. Kilichoshangaza ni mpango wake. Mtu aliyepanga hata vijiti vya kiberiti kichwa upande mmoja, mabakuli yake yalikuwa yamebebana ovyo, dogo chini ya kubwa, la kina chini ya bapa, mlima wote umeegemea ukuta kwa kuonewa huruma tu. Nilikuwa na miaka tisa hivi. Nilitumwa kuchukua kungumanga ya chai, nikauona, nikasema leo nitamfurahisha Bi Maktaba. Nikaanza kuyapanga kwa ukubwa.

Nilikuwa nimeshusha matatu alipoingia. Sikuwahi kumsikia akipiga kelele kabla ya siku hiyo, wala baadaye. Alinishika mkono, akakaa sakafuni palepale na mimi.

"Umetoa mangapi?"

"Matatu."

"Lipi la kwanza? Lipi lililofuata? Usinidanganye. Sikupigi. Lipi?"

Nilimwonyesha huku nalia. Akaniuliza tena. Akaniuliza mara ya tatu, akayarudisha moja moja, halafu akainamisha kichwa juu ya lile la juu kabisa, akabaki hivyo. Niliogopa kuondoka na niliogopa kukaa. Wiki ile nilisikia kwake mlio wa msumari ukikwaruza bati, siku nzima. Sikujiuliza ni nini. Mtoto akisamehewa hajiulizi sana.

Miaka ikapita. Nikawa mwalimu, nikapangiwa shule ya Mtawanya, nikawa narudi Mikindani mwisho wa wiki. Siku moja mwuza samaki, mtu anayetoka kule kusini na ndoo zake za kamba na pweza, alikuja kwetu akasema huku akipima: mto umebadili njia. Unakula ukingo upande wa Mahameni. Ameona kwa macho yake makombe meupe ya makaburi yakidondoka majini, kidogo leo, kidogo kesho.

Lazima nieleze makombe. Wazee wa kule wakimaliza kuzika walitandaza makombe ya baharini, yale magamba ya chaza, juu ya kaburi, meupe, yakafunika tuta lote. Jina hawakuandika. Badala ya jina, kichwani mwa kaburi walikandamiza bakuli la marehemu, lile alilokuwa akinywea uji, nusu ndani ya mchanga, mdomo juu. Ukienda kuzuru ulilitafuta bakuli la mtu wako, ukalisafisha, ukatia maji. Mama aliyajua haya kwa kuhadithiwa. Alijua pia kwamba baada ya kuhama, masika mbili zikapita, wanaume wakarudi kusafisha, wakayakuta makombe yapo na mabakuli hayapo hata moja. Wakasimama wakigombana. Walikuwa wamekariri mabakuli, hawakukariri mahali. Huyu akasema babangu ndiye huyu, mwenzake akasema huyo ni shangazi yangu. Shehe akawaambia aliyeiba mabakuli yale ameiba wafu. Toka hapo watu hawakwenda tena.

Mama hakununua samaki siku ile. Alivaa buibui juu ya kanga za jikoni akaenda nyumba ya pili, nami nyuma yake.

"Dada, Mahameni inakwenda na maji. Sikuombi tena kesho. Nionyeshe, hata kwa kukisia. Mimi ni ntu nzima, nitalia kidogo nitanyamaza. Lakini asiende mama yangu nami sijamwona."

Bi Maktaba alikuwa barazani na mchicha wake. Nilisubiri aanze habari za mjane wa kinu. Midomo yake ilifunguka, kweli, ikafunguka kama anazianza, ikafumba. Akatuita ndani.

Akafungua kabati. Akautoa ule mlima wote, kwa mikono miwili, kidevu kikilishika bakuli la juu, akauweka juu ya mkeka. Kisha akatuambia bila kututazama.

Siku ya kuhama lori lilikuwa linaunguruma, na wazee wakipita nyumba hadi nyumba wakisema haachwi mtu nyuma. Yeye alikuwa mtoto. Akajiuliza, na wale walioko kule kwenye mchanga? Akachukua tenga, akakimbia makaburini. Alianzia upande wa mto, kwa kaburi la kwanza, akapanda akifuata njia mpaka kwenye mkwaju mkubwa linapoishia la mwisho. Kila bakuli aling'oa, akapangusa mchanga kwa gauni lake, akalibebesha juu ya lililotangulia. Ishirini na matatu.

"Nilidhani nawahamisha," alisema. "Nilidhani tukifika kule juu watu wataniuliza, uko wapi wa kwetu, nami nitampa kila ntu wake. Tulipofika hakuna aliyeuliza. Watu walikuwa wanatafuta miti ya kujengea. Nikasema nitangoja waulize. Walipouliza, walikuwa wanatafuta mwizi."

Aliyageuza. Chini ya kila bakuli kulikuwa na namba, imekwaruzwa kwa msumari. Akafungua kitabu cha kijani, ukurasa mweupe wa mwisho, baada ya makaburi ya Kisima Baridi. Alikuwa amechora ramani kwa wino: mto, njia, mkwaju, na vimstatili ishirini na vitatu vilivyopinda na njia. Pembeni orodha. Namba moja fulani, mvuvi wa kamba. Namba mbili mkewe. Namba tisa ilikuwa bibi yangu, na mbele ya jina lake ameandika, ameacha mtoto wa kike.

Alimpa mama bakuli la tisa. La bati, jeupe, ukingo wa buluu, ua moja jekundu ndani limefifia. Mama alilipokea kwa mikono miwili akaliangalia muda mrefu.

"Miaka yote hii," akasema, "umekaa na mama yangu kabatini."

Alilirudisha juu ya mkeka, akatoka. Mimi niliona aibu sijui kwa niaba ya nani.

Siku tatu mama hakusema nyumbani ila yaliyolazimu. Alipika, akaswali, akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Kwa Bi Maktaba mlango ulifungwa, na kwa mara ya kwanza tukasikia jogoo wake akiwika, anawika anavyotaka, hakuna wa kumwambia shii. Nilimpenda mama na nilimwonea huruma yule mwingine, na sikujua niende upande gani, basi nikakaa kwenye ngazi yetu nikasahihisha madaftari.

Siku ya nne mama alitoka asubuhi amevaa, kanga safi, kitabu cha dua mkononi. Akagonga nyumba ya pili.

"Yabebe yote," alisema. "Twende."

Tulikwenda kwa gari la kukodi hadi barabara inapoishia, kisha kwa miguu, maji yakiwa yamekupwa. Nilibeba tenga lenye mabakuli, nimeyafunga kwa kitenge cha kustaafia. Bi Maktaba alitangulia na kitabu chake. Ukungu wa asubuhi ulikuwa bado umelala kwenye mikoko, na kila kitu kilikuwa kimya na cheupe kiasi kwamba nilidhani nikigeuka nitaona kinu na farasi. Mama alifuata nyuma yake. Alishika pindo la kanga ya Bi Maktaba kupita matopeni, nadhani bila kujua kuwa ameishika.

Mkwaju ulikuwapo. Chini yake, ndani ya majani, viraka vya makombe vilionekana, kimoja, na kingine, na kingine, vinashuka kufuata njia ambayo haikanyagwi tena. Mbele kabisa mto ulisikika ukinong'ona na ukingo.

"Nipe la juu," Bi Maktaba aliniambia.

Akapiga magoti kwenye kiraka cha kwanza, akachimba kwa mkono, akalikandamiza. "Ishirini na tatu," akasema, na akataja jina la mtu. Kisha tukashuka. Ishirini na mbili, jina. Ishirini na moja, jina. Alikuwa akiwasalimia. Sauti yake ya maktaba ilikuwa imekwisha, alisema kama wanavyosema wazee wa kule: ntoto wa fulani, nke wa fulani, tumerudi. Mimi nilihesabu mabakuli yaliyobaki tengani, na mama, naona, alihesabu viraka vilivyobaki mbele ya maji. Tulipofika la kumi na tatu nilimwona anajinyoosha kutazama mbele. Kutoka pale hukuweza kujua ukingo umekatika wapi, majani yalificha.

La kumi na mbili. La kumi na moja. La kumi.

Mbele ya la kumi kulikuwa na kiraka, kizima, makombe yake yote. Baada yake kingine. Baada ya hapo nusu ya kingine, na hewa, na maji ya kahawia yakipita chini.

Mama aliketi mchangani. Nililitoa bakuli lenye ukingo wa buluu nikampa Bi Maktaba, naye hakulipokea. Alinionyesha kwa kichwa. Nikampa mama. Mama alichimba mwenyewe, akalikandamiza, akalitikisa kuona kama limeshika, akamimina maji ya chupa mpaka yakagusa lile ua. Alisoma dua yake yote. Alipomaliza akaweka kiganja juu ya makombe, akakiacha pale, akalia bila kujificha, na mimi nikalia kwa kumwona. Sijapata kumwona mama yangu ni mtoto wa mtu ila siku hiyo.

La nane Bi Maktaba alilirudisha peke yake. Halafu akasimama mbali kidogo na ukingo. Tengani yalibaki saba. Aliyatazama moja moja bila kuyagusa, na uso wake, ambao nilikuwa nimeuona ukigawa masufuria ya mji mzima, haukujua pa kwenda.

"Haya sina pa kuyarudisha," alisema.

Mama alijipangusa macho kwa ncha ya kanga. Akamtazama yule mwanamke, kisha mabakuli, kisha mto.

"Shaabani ulikuwa unayaosha," akasema. Haikuwa swali. Tulikuwa majirani maisha yetu yote, ukuta ule ni mwembamba.

"Kila mwaka. Moja moja. Na majina yao."

"Na la mama?"

"La mama yako nilikuwa nalianza hilo. Kwa sababu wewe uko nyumba ya pili."

Mama akafunga kitabu chake cha dua. Maji yalikuwa yameanza kujaa, ilibidi tuondoke.

"Basi haya saba yarudi kabatini," alisema akiinuka. "Shaabani nitakuja tuyaoshe wote."

Akamshika Bi Maktaba mkono, wakatangulia kwenye njia. Mimi nikainama kufunga tenga, na mama akanigeukia.

"Yashike vizuri hayo," akaniambia. "Na usiyapange kwa ukubwa."